Mvi, piko na ile "hina nyeusi": maswali mnayoniuliza kila Idd ikikaribia

Mimi ni nesi, niko dispensari moja hapa Likoni, Mombasa, na kila Idd ikikaribia ama msimu wa harusi ukianza naletewa ugonjwa ule ule mmoja, mtu amepaka nywele nyumbani kuficha mvi, uso umevimba, na amekaa nao ndani siku mbili akisubiri ushuke wenyewe. Pesa ni ngumu, saluni ni ghali, hilo nalielewa kabisa na sitamwambia mtu aende saluni. Haya ni maswali ninayoulizwa pale kwa benchi la kungojea, mengine nimeulizwa harusini sahani ya pilau ikiwa mkononi.

Mvi ni nini, na kuna dawa ya kuzirudisha nyeusi?

Kwenye shina la unywele kuna seli zinazotengeneza rangi, umri ukienda zinapungua na unywele watoka mweupe. Wengine ni ukoo, babake aliota mvi akiwa na miaka 30 na yeye hivyo hivyo. Mafuta ya kuzirudisha nyeusi hakuna, anayekuuzia hayo amekula pesa yako. Kupaka rangi ni kuzificha tu, na kuficha si vibaya ukijua unachopaka.

Basi ya bei nafuu ni gani?

Hina. Hina yenyewe, unga wa majani ya mhina, ule wauzwa kwa kupima pale masoko ya Markiti na Kongowea. Unga wake ni wa kijani kibichi kinachoelekea udongo, harufu yake kama majani makavu, na ukiukoroga na maji ya vuguvugu ama chai ya rangi wakaa masaa kadhaa ndio utoe rangi. Halafu kichwani pia wakaa masaa, mawili, matatu, wengine hulala nayo. Na rangi yake ni nyekundu ya kuelekea chungwa, juu ya mvi ndio yaonekana zaidi, bibi zetu walitembea nayo hivyo na walipendeza.

Asiyetaka wekundu kuna njia nyingine ya asili, apake hina kwanza, aoshe, halafu apake unga wa majani ya mnili, ule wa kutoa buluu, kwenye pakiti huandikwa Indigofera tinctoria. Nywele zatoka kahawia iliyokoza mpaka karibu na nyeusi. Yachukua muda, ni kazi ya Jumapili nzima, lakini ni salama kuliko hizo pakiti zenu za rangi nyeusi. Tafadhali sana sio ile buluu ya kufulia kanzu. Na kama pakiti haina maandishi ya kilichomo ndani, irudishe hapo hapo ulipoitoa.

Mbona hina yangu mimi ni nyeusi na yashika kwa nusu saa?

Kwa sababu si hina. Hapa ndipo nataka tuelewane manake hapa ndipo watu waumia. Hakuna mhina unaotoa rangi nyeusi, si wa Lamu, si wa Sudan, si wa India. Ikiwa ni nyeusi tii na yashika nusu saa, ndani mna kemikali yaitwa PPD, kirefu chake parafenilinidiamini, kwenye boksi utaona herufi p halafu neno refu linaloanza na phenylene. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye unga mweusi wa piko, yale maua meusi ya kuchorwa mikononi. Muuzaji ameandika hina, amechora na jani la kijani hapo juu, wewe wasema ni ya asili ilitumiwa na bibi. Bibi hakutumia hiyo.

PPD haijakatazwa kwenye nywele, rangi nyingi za dukani zinayo, ila ina kipimo. Ulaya sheria yao ni isizidi asilimia 2 ikishachanganywa tayari kupaka, tena kwa nywele peke yake, kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Sasa ule unga wa kufungwa kwa karatasi, hauna jina hauna kipimo, nani ajua ni asilimia ngapi? Kuna wanaoongeza mafuta ya taa ama petroli ati ishike vizuri, halafu waja kwangu na ngozi ya kichwa imebabuka.

Lakini nimepaka miaka kumi na sijadhurika.

Kila anayeletwa na uso umevimba husema hivyo hivyo. Mzio wa PPD haukuji siku ya kwanza lazima, mwili waweza kuivumilia mwaka, miaka mitano, miaka kumi, kisha siku moja ukaikataa, na ukishaikataa umeikataa maisha. Miaka kumi ya salama si kinga. Hata kama ni pakiti ile ile, duka lile lile, mkono ule ule uliopaka.

Mara iliyopita iliniwasha kidogo masikioni, nikimeza piritoni, ile tembe ya mzio, kwanza si nitapaka tu?

Hapana.

Nimesema hapana kwa sababu hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Kuwasha "kidogo" nyuma ya masikio, vipele vidogo kwenye shingo, ngozi ya paji kukwaruza, huo ndio mzio wenyewe umeshaingia, na mara ya pili huja mkubwa zaidi. Piritoni yapunguza muwasho, haizuii mwili kuikataa PPD, kwa hivyo yakuficha onyo tu huku rangi iko kichwani yaendelea. Mtu aliyewahi kuwashwa na rangi nyeusi asipake tena. Asipunguze kipimo, asibadilishe rangi ya boksi, asipake "nusu tu ya mbele". Asipake. Kama mkono wako uliwahi kutoka malengelenge pale palipochorwa piko siku ya harusi, wewe ni katika hao, nywele zako usizitie rangi nyeusi ya dukani hata kama harusi hiyo ilikuwa zamani sana.

Na ile iliyoandikwa haina amonia?

Amonia ni ile yenye harufu kali ya kuchoma pua. Kuitoa hakujaitoa PPD, ni vitu viwili tofauti. Hata iliyoandikwa haina PPD mara nyingi imewekwa binamu yake, toluini diamini, na watu wengi wanaodhuriwa na mmoja hudhuriwa na wa pili. Soma nyuma ya boksi, mbele ni picha ya mwanamke acheka tu.

Kile kipimo cha ngozi, cha kujua kama rangi itakudhuru, ni lazima?

Ni lazima, na ni bure, sijui kwa nini chawashinda watu. Masaa 48 kabla, yaani ukitaka kupaka Ijumaa jioni fanya Jumatano jioni, changanya kidogo sana, tone kama punje ya mchele, weka nyuma ya sikio ama ndani ya kiwiko, fuata maelezo ya boksi, usubiri siku mbili kamili. Nusu saa haitoshi, masaa matatu hayatoshi, mzio huu kwa kawaida waanza polepole. Ukiona wekundu, kuwasha, kuvimba, hiyo rangi mpe… la, usimpe mtu, itupe. Fanya kila mara unapopaka. Lakini wewe ambaye ulishawahi kudhurika usijipime nyumbani, wewe jibu lako tayari unalo.

Nifanye vipi pakiti moja initoshe?

Hapa tusaidiane kwelikweli. Kwanza paka mizizi tu, pale mvi zilipochomoza, si lazima kila mara upake mpaka ncha, kule rangi iko bado na wazichosha nywele bure. Pili, kama ni unga ama tyubu, gawa kabla hujachanganya, nusu ichanganywe na nusu ifungwe vizuri iwekwe pakavu. Ikishachanganywa haiwekeki. Nimemuona dada mmoja alihifadhi mabaki kwenye chupa ya soda akaifunga kizibo, ile dawa ya kuchanganyia hutoa hewa, chupa ikajaa ikapasuka juu ya kabati. Mabaki mwaga.

Glavu ni bei rahisi duka la dawa, na ukikosa kabisa hata mfuko wa mkate wafaa, mradi si mikono mitupu. Tumia bakuli la plastiki ama glasi, si sufuria. Pakaza vaselini kwenye paji, masikioni na shingoni, hiyo kila nyumba inayo. Fungua dirisha. Muda ulioandikwa ndio muda, si ati mvi zangu ni sugu niiache masaa mawili. Osha mpaka maji yatoke meupe. Na kama umetia dawa ya kulainisha nywele, ngoja angalau siku 14 ndio upake rangi, ukiunganisha siku moja wapaka kemikali juu ya ngozi iliyochubuka. Kichwa chenye kidonda, mba wa kutoa damu, ama umekuna usiku kucha baada ya kufumua misuko, ngoja kipone.

Mzee wangu ataka kupaka ndevu na nyusi.

Ndevu, masharti ni yale yale na kipimo kile kile, ngozi ya kidevu ni laini zaidi. Nyusi na kope hapana kabisa, rangi ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Ikirukia jichoni osha na maji safi ya kumiminika dakika 15 bila kusugua, kisha aende hospitali.

Nina mimba, naweza?

Inayopenya mwilini ni kidogo sana, wengi hungoja tu miezi mitatu ya kwanza ipite. Hina halisi yatosha.

Na watoto, wanalilia piko siku ya harusi?

Piko ya mtoto ndiyo huanzisha mzio ambao atakuja kuulipa akiwa mkubwa na mvi zake. Mchoreeni hina nyekundu. Mtoto mchanga hata hina halisi msimpake, huku pwani kuna watoto wengi waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kitu mwilini kinacholinda chembe za damu, na hina yaweza kuvunja damu yao akawa manjano. Na ule unga mweusi usiachwe juu ya meza, ukimezwa ni sumu kali, koo lavimba, mkojo watoka mweusi, figo zaharibika. Mtu akiumeza ni hospitali kubwa dakika hiyo hiyo, hakuna kunywesha maziwa kwanza.

Uso ukianza kuvimba, nisubiri kwa muda gani?

Usisubiri.

Nawaeleza nilichokiona. Mama wa makamo, aliletwa saa mbili asubuhi na bintiye, amejifunika leso mpaka puani. Alipoifunua macho hayakuwepo, yalikuwa mistari miwili tu, kope zimejaa maji, masikio yamekuwa manene yachuruzika majimaji ya manjano mpaka kwenye kola ya dera, na pale nywele zinapoanzia kuna utepe mweusi wa rangi bado. Alipaka juzi usiku. Jana asubuhi paji likawasha, jirani akasema ni hasadi, akasomewa. Mchana akapakwa mafuta ya nazi. Usiku macho yakaanza kufunga, akasema tungoje kukuche, na feri usiku na tuktuk ni pesa. Mama yule alipona, lakini alilala macho yamefunga bila kujua kama koo litafuata, na sisi hatujui pia, hakuna anayeweza kujua kutoka nyumbani.

Wengi huvimba macho tu, kweli. Lakini mwingine huvimba ulimi na njia ya pumzi. Kwa hivyo sauti ikibadilika, ukimeza kwa shida, kifua kikibana, midomo ama ulimi ukiwa mzito, kizunguzungu, hiyo ni dharura, usipitie kwangu dispensari, nenda moja kwa moja hospitali yenye kitengo cha dharura, usiku huo huo, mkopo wa tuktuk utalipwa. Macho yakivimba peke yake, siku hiyo hiyo, si kesho. Kusomewa si vibaya, msomeeni njiani.

Nishapaka leo asubuhi na sasa paji lawasha, nione mpaka kesho?

Ingia bafuni sasa hivi, osha kichwa na maji mengi na sabuni laini mara mbili tatu, maji yasipite machoni, inama mbele. Usipake ndimu, usipake dawa ya meno, usipake tyubu ya jirani. Kisha vaa buibui uje, mwambie nesi ama daktari kwamba umepaka rangi ya nywele na saa ngapi, usione haya ukasema ni joto ama ni samaki uliyekula, tunapoteza muda kutafuta ugonjwa mwingine. Na ile pakiti uje nayo. Kama ushaitupa, mtume mtoto aiokote kwa taka.