Kamshafti ya spoti kwenye pikipiki: namba ya kuangalia kwanza

Kamshafti ni shafti yenye nundu, inayozungushwa na krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kwa cheni, mkanda au gia. Nundu zake husukuma valvu zifunguke, kisha huziachia springi zizifunge. Kwenye injini ya mipigo minne kamshafti huzunguka mara moja kila krenki ikizunguka mara mbili. Umbo la nundu ndilo linaloamua hewa na petroli viingie lini na kwa wingi gani, na moshi utoke lini. Kwa sababu hiyo, anayetaka pikipiki yenye nguvu zaidi bila kupanua silinda hushauriwa mapema abadilishe kamshafti.

Ya kiwandani imetengenezwa iridhishe mahitaji mengi kwa pamoja: pikipiki iwake asubuhi ya baridi, isizime kwenye foleni, isinywe mafuta, ivute tangu chini, na moshi wake ukubalike. Ya spoti hupunguza baadhi ya hayo ili kuongeza nguvu mahali fulani. Kulinganisha kamshafti mbili, basi, ni kujua kila moja inapunguza wapi na kuongeza wapi. Mimi naona watu wengi wanaangalia namba isiyo muhimu zaidi.

Namba hiyo ni kimo cha kufunguka, yaani valvu inashuka umbali gani kutoka kwenye kiti chake. Ni rahisi kuitangaza. Kampuni ya S&S Cycle ya Wisconsin, Marekani, iliyoanzishwa 1958 na inayojulikana kwa vipuri vya Harley-Davidson, huziita kamshafti zake nyingi kwa namba hiyo: 475 ni inchi 0.475, karibu milimita 12.1, na 550 ni karibu milimita 14. Ni rahisi mnunuzi kudhani 550 ni 475 iliyoboreshwa. Hapana. Kimo kikubwa husaidia hewa kupita, lakini hakisemi valvu imekaa wazi kwa muda gani wala imefungwa lini. Kamshafti mbili zenye kimo kilekile zinaweza kuipa injini tabia mbili tofauti kabisa.

Namba ya pili ni muda wa kufunguka, unaohesabiwa kwa nyuzi za mzunguko wa krenki. Hapa kuna mtego. Wamarekani wengi huanza kuhesabu kifuasi (kipande kinachopanda juu ya nundu) kikiwa kimeinuka inchi 0.050, wa Harley inchi 0.053, Wajapani wengi valvu ikiwa imefunguka milimita 1, na wengine huanza pale tu valvu inapotikisika. Kamshafti ileile inaweza kuandikwa nyuzi 240 kwa kipimo kimoja na 280 kwa kingine. Usilinganishe namba mbili kabla ya kujua kila moja ilipimwa kuanzia wapi. Muuzaji asiyeweza kukuambia hilo hajakupa namba ya kufanyia kazi.

Sasa namba ninayoitaka mimi kwanza: valvu ya kuingiza inafungwa lini.

Chukua kamshafti mbili, zote zimepimwa kwa milimita 1. Ya kwanza inafungua valvu ya kuingiza nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu kabisa, na kuifunga nyuzi 30 baada ya pistoni kufika chini kabisa: 10 + 180 + 30, jumla nyuzi 220. Ya pili inafungua nyuzi 20 kabla na kufunga nyuzi 50 baada, jumla 250. Pistoni ikishapita chini inaanza kupanda huku valvu ingali wazi. Kwa konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ya urefu wa kawaida, kwenye nyuzi 30 pistoni imepanda kama asilimia 5 ya safari yake. Kwenye nyuzi 50 imepanda karibu asilimia 14. Kompresheni huanza kujengeka vizuri valvu ikishafungwa. Injini iliyoandikwa uwiano wa kompresheni wa 9 kwa 1 inabaki na takriban 8.6 kwa kamshafti ya kwanza, na takriban 7.9 kwa ya pili. Hayo ni makadirio, lakini tofauti yake unaisikia kwenye kiki na unaiona kwenye geji ya kompresheni.

Injini ikizunguka polepole, valvu inayochelewa kufungwa huacha pistoni irudishe sehemu ya mchanganyiko kwenye kabureta. Unafungua mafuta, pikipiki inakohoa na kuzembea. Mizunguko ikipanda mambo hugeuka: mchanganyiko unakuja kwa kasi, na kasi hiyo huendelea kuusukuma ndani hata pistoni ikiwa imeshaanza kupanda. Hapo kamshafti ya nyuzi 250 hujaza silinda kuliko ya 220. Nguvu imehamia juu, kwenye mizunguko ambayo mwendesha pikipiki wa mizigo haifikii mara kwa mara. Anayepanda Lushoto na abiria na gunia la viazi anahitaji mvuto wa chini, na kwa kweli kamshafti kali itamtesa.

Namba nyingine ni mpishano: kipindi ambacho valvu ya ekzosi haijafungwa na ya kuingiza imeshafunguka. Jumlisha nyuzi za kufunguka kwa ya kuingiza kabla ya juu kabisa na za kufungwa kwa ya ekzosi baada ya hapo. Mpishano mkubwa husaidia kwenye mizunguko mingi, kwa kuwa moshi unaokimbia huvuta hewa mpya nyuma yake. Kwenye mizunguko michache moshi hurudi ndani na injini hutetemeka isipovutwa mafuta. Ducati walilionyesha hili wazi mwaka 2010. Walichukua injini ya pikipiki yao ya spoti 1198, iliyokuwa na mpishano wa nyuzi 41, wakaupunguza hadi nyuzi 11 kwa ajili ya Multistrada 1200 ya safari ndefu, na hizo 11 wakaziweka kwenye jina la injini: Testastretta 11°. Nguvu ilishuka kutoka farasi 170 hadi 150, na injini ikawa tulivu na yenye mvuto wa chini. Kiwanda kilichojaa ubingwa wa mbio kilichagua kamshafti pole, kwa sababu kilijua pikipiki ile itatumikaje.

Kwetu mfano wa karibu ni injini za aina ya CG, zinazobeba bodaboda nyingi za Kichina. Asili yake ni Honda CG125 ya 1976. Kamshafti yake imekaa chini, nayo inasukuma rokaamu (mikono inayobonyeza valvu) kwa fimbo ndefu. Ajabu yake ni kwamba ina nundu moja tu inayohudumia valvu zote mbili kupitia vifuasi viwili. Fundi akiichonga upya ili valvu ikae wazi zaidi, ameongeza mpishano na kuchelewesha kufungwa kwa pamoja. Hawezi kugusa kimoja akaacha kingine. Tena uso wa nundu umefanywa mgumu kwa moto, na ukichongwa kupita tabaka lile gumu huanza kulika haraka, tapeti zikalegea kila wiki.

Kabla ya kufunga kamshafti yoyote yenye kimo kikubwa, angalia springi zisifikie kukutana pete kwa pete, kisha pima nafasi kati ya valvu na pistoni. Bandika kipande cha udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga silinda hedi na gasketi yake, weka tapeti sawa, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, fungua, ukate udongo na kupima unene uliobaki. Kipimo kinachofuatwa na mafundi wengi ni angalau milimita 2 kwa valvu ya kuingiza na 2.5 kwa ya ekzosi. Hatari kubwa haiko pale valvu inapokuwa wazi kabisa, kwani wakati huo pistoni imeshashuka mbali. Iko karibu na juu kabisa, kwenye mpishano.

Wengine hurudisha kompresheni iliyopotea kwa kupunguza hedi au kuweka gasketi nyembamba. Ni njia sahihi, ila inaisogeza pistoni karibu na valvu, kwa hiyo kipimo cha udongo kinarudiwa upya.