Jicho la kukanya: kumtia kasuku adabu bila kufungua mdomo

Aliyelelewa na mama wa Pwani analijua lile jicho. Wageni wamekaa, sahani ya vitumbua iko katikati, mkono wako umeanza safari ya kuelekea kitumbua cha tatu, na kutoka upande wa pili mama anakutupia jicho mara moja. Hasemi neno. Mazungumzo yake na wageni hayakatiki hata kidogo. Mkono unarudi wenyewe mapajani.

Wafuga kasuku nao wana jicho lao la namna hiyo. Wazungumzaji wa Kiingereza walilipa jina ambalo ukilitafsiri neno kwa neno unapata "jicho baya", na hapo Mswahili anapotezwa njia, maana kwetu jicho baya ni husuda, mambo ya kufukiza ubani na kusomewa. Silo hilo. Mimi naliita jicho la kukanya: kumtazama ndege kwa ghafla, uso umekunjwa, kwa sekunde moja au mbili, wakati uleule anapofanya usichokitaka, kisha kuyaondoa macho. Huandamana na ishara nyingine za mwili, kama kukaa wima, kuinua kiganja, au kumgeuzia mgongo. Hapigwi, hafokewi, hafunikwi tundu kwa shuka kutwa nzima.

Kwa nini ndege ashughulike na macho ya mtu? Angalia kichwa chake. Macho ya kasuku yako pembeni, na akitaka kukutazama vizuri hukigeuza kichwa na kukupima kwa jicho moja. Sisi macho yetu yamekaa mbele, kama ya bundi na ya paka. Kwa kiumbe ambaye mababu zake wamekuwa wakiliwa na kipanga tangu zamani, macho mawili yanayomkabili pasipo kupepesa yana maana moja tu. Watafiti waliwahi kuwapima kwezi wa Ulaya kwa kuwawekea chakula huku mtu amesimama karibu. Mtu akikitazama chakula, kwezi walichelewa kukisogelea. Akiyapeleka macho pengine, walirudi mapema na wakala zaidi. Kunguru wadogo wa Ulaya, waliolelewa kwa mikono ya watu, nao walisita macho yalipoelekezwa kwenye chakula, lakini walisita kwa mtu wasiyemzoea. Shika hapo pa "wasiyemzoea", nitaparudia.

Kwamba uso ni lugha kwa jamii ya kasuku hakuna ubishi. Mwaka 2018 watafiti nchini Ufaransa walieleza habari za kasuku watano wa aina ya makao, wale wakubwa wa bluu na njano kutoka Amerika ya Kusini, ambao mashavu yao hayana manyoya. Mlezi alipokuwa akiwatazama na kuongea nao, walionekana mara nyingi zaidi wakitimua manyoya ya kichwani na mashavu yakiiva wekundu, kuliko alipowapa kisogo. Kasuku wetu wa kijivu mwenye mkia mwekundu hana mashavu ya namna hiyo ya kumfichua, lakini ana mboni. Kwenye jicho lake la manjano hafifu utaiona mboni ikipanuka na kusinyaa upesi upesi akichemkwa na damu, iwe kwa furaha, iwe kwa hasira.

Nililijua jicho hili nyumbani kwa shangazi yangu, Muscat. Shangazi alizaliwa Unguja, na kasuku wake anapiga hodi kwa Kiswahili na kusalimia kwa Kiarabu. Jioni ndege huachiwa atembee juu ya mgongo wa sofa, na maradhi yake ni vitufe vya rimoti, ameshang'oa vya rimoti mbili. Akianza kuinyemelea, shangazi humkata jicho kutoka kwenye kikombe chake cha chai. Ndege husimama, mguu mmoja hewani, kama mtoto aliyekutwa kwenye kopo la sukari. Kisha shangazi humsogezea gunzi la hindi, akatafune hilo.

Siku ya pili shangazi alikuwa jikoni, nami nikajiona nimeshahitimu. Kasuku alipoifikia rimoti nikamwinamia na kumkodolea macho, nikakaza, nikaendelea kukaza. Kwanza alibana manyoya mwilini mpaka akaonekana mwembamba kama kigoe, shingo ikarefuka, akaegemea nyuma. Nikadhani ametii. Nikanyoosha mkono niichukue rimoti, akanidonoa kidole hadi damu. Nikapiga ukelele, nikaruka, nikazunguka sebule nzima nikipunga mkono. Ndege akaniangalia mpaka mwisho wa onyesho, kisha akacheka. Alicheka kwa kicheko cha shangazi.

"Umemkodolea macho, mwanangu," shangazi akasema alipomaliza kunifunga kitambaa. "Mimi namkata jicho."

Somo zima limo katika vitenzi hivyo viwili, na sijui kama kuna lugha inayoligawa jambo hili vizuri kuliko yetu. Kukata jicho ni tendo lenye mwisho: limekuja, limepita, ujumbe umefika. Kukodoa hakuna mwisho, na kitu kisicho na mwisho kwa ndege si onyo tena, ni mwindaji. Kumwinamia kutoka juu ndiko kulikokamilisha sura ya kipanga. Kasuku akishafika mahali pa kujiona anawindwa, ana njia mbili, kuruka au kuuma, na yule wa shangazi alikuwa ameshabanwa na mto wa sofa.

Kosa langu la pili lilikuwa kucheza ngoma. Kasuku ni ndege wa makundi na makelele. Msituni huitana asubuhi na jioni kwa sauti za kupasua sikio. Mtu akimpigia kelele, mara nyingi yeye huona amejibiwa. Mtu akiruka na kupunga mikono, huona amepata sinema ya bure. Wafugaji wengi wanaolalamika kwamba ndege wao "ana roho mbaya" wamemfundisha wenyewe kuuma, kwa kumlipa onyesho kila anapouma. Kesho yake yule kasuku aliniuma kidole kingine, na naapa alikuwa akisubiri nianze kuruka.

Katika elimu ya tabia, neno adhabu halina maana ya maumivu. Ni jambo lolote linalofuata tendo na kulifanya tendo lile lipungue siku za mbele. Kwa kipimo hicho, ukimkata ndege jicho mwezi mzima na bado anatafuna, hujamwadhibu. Umekunja uso tu. Na hata likifanya kazi, jicho linasema "acha", halisemi afanye nini badala yake. Gunzi ndilo linalosema. Wakufunzi wengi wa siku hizi huanzia huko kwenye gunzi, kwenye mbegu ya alizeti na sifa kwa tendo jema, na baadhi yao hawataki kulisikia jicho kabisa. Mimi sifiki huko, lakini nakubaliana nao kwamba mwenye kulitumia mara ishirini kwa siku ana tatizo la kupanga chumba, si la ndege. Rimoti ina droo yake.

Kuhusu mgongo: kumgeuzia ndege kisogo kwa sekunde chache ni ishara nzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu kinachomuuma ndege wa kundi ni kutengwa. Lakini iwe sekunde, si nusu saa. Ukirudi baada ya nusu saa ameshasahau alichokosea. Anachokumbuka ni kwamba ulimwacha. Kiganja nacho kina hadhari yake. Ndege aliyewahi kukamatwa kwa mikono haoni ishara ya "simama", anaona mkono unarudi kumkamata. Ama ile imani ya zamani kwamba kasuku asikae juu ya usawa wa macho yako asije akajiona bwana wa nyumba, wataalamu wengi wameiacha. Ndege aliye juu ya kabati hapiganii cheo. Juu ndiko anakojisikia salama.

Sasa ile habari ya mazoea. Jicho la shangazi lina nguvu kwa sababu saa nyingine zote macho yale yale humtazama kwa upole, huku kidole kikimkuna shingoni anapoinamisha kichwa na kutimua manyoya. Tofauti kati ya uso ule na uso huu ndiyo ujumbe wenyewe. Mgeni hana uso wa kawaida wa kulinganisha nao, kwa hiyo jicho lake ni tishio tupu. Ndege aliyekamatwa msituni, huko Kongo au Kameruni, hali yake ni mbaya zaidi: kwake kila jicho ni la mwindaji, na kumkazia uso kunaweza kumsukuma katika kujinyonyoa manyoya. Kasuku wa kijivu wamekamatwa kwa wingi mno, hata mkutano wa nchi za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ukawaingiza katika orodha ya ulinzi wa juu kabisa. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Usitarajie pia kwamba jicho linagusa dhamira. Alex, kasuku wa kijivu ambaye mwanasayansi Irene Pepperberg wa Marekani alimnunua mwaka 1977 na kufanya naye kazi mpaka ndege huyo alipokufa mwaka 2007, alijifunza kuomba samahani kwa Kiingereza. Aliitamka pale watu walipokasirika. Pepperberg hakulichukulia kuwa toba. Ndege alikuwa ameng'amua kwamba sauti ile hupoza hasira.

Shangazi hahitaji mwanasayansi kumwambia. Zamani, kabla ya jicho, alikuwa akimkemea kwa mdomo: "We!" Mpaka leo kasuku akiikaribia rimoti na hakuna anayemtazama, huinamisha kichwa, husema mwenyewe "We!" kwa sauti ya shangazi, kisha anaanza kung'oa vitufe.