Sauti ya jiwe juu ya mbao: sehemu ninazozipenda za Lord of the Rings

Mwaka jana niliburuta jiwe la lava kwenye sakafu ya nyumba ya mama, kule Majengo. Jiwe lilibaki tulipojenga ukuta wa uzio. Sakafu ni ya mbao, na nyumba nzima ni ya mbao, kama zilivyo nyingi hapa Goma. Nikaweka kinasa sauti kwenye kona, nikavaa kaske, yaani visikizio, nikavuta polepole mara tatu. Mara ya tatu jirani alitoka nje mbio, mtoto mgongoni, akiuliza kama na sisi tumesikia tetemeko. Mama akasimama mlangoni na mwiko mkononi: "Papa, unanitafutia nini na majirani?"

Nilikuwa natafuta sauti ya Balrog, lile zimwi la filamu ya kwanza.

Kazi yangu ni sauti. Nanasa na kuchanganya sauti za filamu fupi, za matangazo, na za harusi pia, maana harusi ndizo zinazolipa kodi. Watu wakiniuliza ni sehemu gani naipenda katika filamu za Lord of the Rings (wengi wetu hapa tulizijua kwa Kifaransa, Le Seigneur des Anneaux, na Frodo tukimwita Frodon), hutarajia nitaje vita. Mimi huchagua kwa sikio. Na sikio langu linapenda zile dakika ambazo watengenezaji walikuwa na kelele zote za dunia mkononi, kisha wakaziweka chini.

Kwa asiyezijua: Frodo ni hobbit, mmoja wa watu wafupi wa kimo, na anapeleka pete ya uovu kuitupa ndani ya mlima wa moto huko Mordor, nchi ya adui. Mwongozaji Peter Jackson alizipiga zote tatu kwa mkupuo mmoja huko New Zealand, kuanzia Oktoba 1999 hadi Desemba 2000, zikatoka Desemba ya 2001, 2002 na 2003. Ya pili ilipata Oscar ya uhariri wa sauti. Ya tatu ilishindania tuzo 11 ikabeba zote 11, mojawapo ya uchanganyaji wa sauti, lakini kwa uhariri wa sauti haikuteuliwa kabisa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, utadhani ni mimi niliyenyimwa.

Turudi kwenye jiwe. Katika filamu ya kwanza mchawi mzee Gandalf, Frodo na wenzao wanakimbia ndani ya migodi ya Moria, nyuma yao lile jitu la moto na kivuli. Mbunifu wa sauti, David Farmer, angeweza kulipatia jitu hilo ngurumo ya simba na mambo yakaisha. Yeye alichukua tofali la saruji akaliburuta juu ya sakafu ya mbao. Simba ana koo, na koo sikio linalijua. Hata likiogopa, linajua linaogopa nini. Jiwe halina koo. Ukilisikia likisaga, unachoelewa ni kwamba kitu kizito kinasogea mahali ambapo hakuna kitu kilichopaswa kusogea. Jirani yetu hakuhitaji kusomea hilo. Mtu wa Goma akisikia sauti ya namna ile kutoka sakafuni hubeba mtoto kwanza, maswali baadaye.

Lakini sehemu ninayoipenda inaanza pale Balrog anapokwisha kuanguka na kumvuta Gandalf. Mishale ya maadui bado inaruka, midomo iko wazi, Frodo anapiga ukelele, na sisi tunasikia kuimba tu. Kisha wanatoka nje, kwenye jua kali, juu ya miamba myeupe. Wale wadogo wanaanguka chini wakilia, na kilio chao tunakiona zaidi ya kukisikia. Aliyewahi kupokea habari ya msiba kwa simu anaijua hali hiyo: masikio huziba kabla machozi hayajafika. Mchanganyaji asiye na uzoefu angejaza pale upepo, kwikwi na nyayo. Nimeshafanya kosa hilo mwenyewe, katika filamu fupi moja ambayo namshukuru Mungu haikuenda mbali.

Katika filamu ya pili kila mtu anaitaja vita vya ngome ya Helm's Deep, na mimi siwezi kuiruka kwa sababu ya mvua. Hapa kwetu mvua ni adui wa kazi yangu. Ikianza kupiga mabati, mahojiano yamekwisha; unafunga vyombo na kuomba chai. Pale mvua imepewa kazi. Kabla ya vita unasikia matone yakigonga kofia za chuma, ting, ting, moja moja, na hapo ndipo unapojua jinsi wale watu ukutani walivyokaa kimya. Chini yao jeshi la Uruk-hai linagonga mikuki ardhini na kuimba. Zile sauti za jeshi hazikutoka kwa waigizaji ishirini walioongezwa kwenye kompyuta. Mwaka 2002 Jackson aliingia uwanjani Wellington wakati wa mapumziko ya mechi ya kriketi, maneno ya lugha ya Mordor yakaandikwa kwenye skrini kubwa, na mashabiki wapatao 25,000 wakayapiga kelele. Watu 25,000 hawatamki neno kwa wakati mmoja. Wengine wanatangulia, wengine wanachelewa, na sauti inapata kingo zilizochanika. Kompyuta haijui kuchana namna ile.

Halafu inakuja ile sekunde. Mzee mmoja ukutani, mkono unatetemeka, upinde umevutwa kwa muda mrefu mno, na mshale unamponyoka. Unampata mmoja wa wale chini. Jeshi zima linanyamaza. Anaanguka kwenye matope, na unamsikia yeye peke yake kati ya elfu kumi. Ngurumo inayofuata inakutisha kwa sababu ulipewa kwanza nafasi ya kupumua. Ukiitazama tena, funga macho kuanzia wanapoanza kugonga mikuki, utanielewa.

Gollum, yule kiumbe aliyekonda anayeitamani pete, nitampitia haraka kwa sababu kila mtu ameshamsifu. Andy Serkis alisema ile sauti ya kooni aliitoa kwa paka wake aliyekuwa akikohoa manyoya. Kwenye yale mabishano yake mwenyewe na mwenyewe, usiangalie macho, sikiliza mahali anapovuta pumzi: mmoja anapumua kwa pua, mwingine kwa meno. Basi.

Sasa Rohan, ufalme wa wapanda farasi. Najua nitawaudhi baadhi yenu, lakini mbio zenyewe za farasi katika filamu ya tatu si kipenzi changu. Napenda kinachotangulia: mfalme Théoden, yaani marehemu Bernard Hill, anapita mbele ya safu akigusisha upanga wake kwenye mikuki ya askari, mmoja baada ya mwingine. Tak-tak-tak-tak. Chuma juu ya mikuki, bado hakuna aliyekufa. Ni kama mtoto anayepitisha fimbo kwenye uzio akirudi shuleni, isipokuwa huyu anawaaga. Mngurumo wa kwato unaokuja baadaye umejaa sauti nzito za chini, na hapa nina ugomvi na ninyi mnaotazama kwa simu. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti hizo. Ni ndogo mno kusukuma hewa inayotakiwa. Kwenye simu farasi elfu wanakuwa kama maharage yanayomwagwa kwenye sinia. Vaeni hata visikizio vya bei ya chini.

Na sasa nyanya.

Denethor, anayetawala ufalme wa Gondor, amemtuma mwanawe Faramir akaurudishe mji ambao hauwezi kurudishwa. Faramir anatoka na wapanda farasi wake, wakijua wote wanakokwenda. Baba anakaa mezani. Anamwomba Pippin, yule hobbit mdogo aliyevaa nguo za utumishi zisizomkaa vizuri, amwimbie. Pippin anaimba bila ala yoyote, ndani ya ukumbi mkubwa wa mawe. Muziki wa wimbo aliutunga Billy Boyd, mwigizaji mwenyewe.

Angalia walichokifanya. Farasi wako mbioni, na farasi wengi mbioni ni kelele ya kutosha kujaza sinema nzima. Wakaishusha mpaka ikawa karibu hakuna. Juu ya picha ya mashambulizi uko wimbo, na kila tunaporudi ukumbini ziko sauti za chakula: mfupa wa kuku unavunjwa, ngozi ya nyanya ndogo inapasuka kwenye jino, mate, kutafuna. Sauti hizo zimenaswa kwa karibu sana, kipaza sauti kikiwa kama kimewekwa kwenye sahani. Juisi nyekundu inashuka kidevuni. Maadui wanavuta pinde, tunaona mishale ikiachiwa, na kabla haijafika kwa mtu yeyote tumerudi mezani. Hatuoni hata mmoja akichomwa. Kazi yote ya kuua imepewa meno ya mzee John Noble.

Nimewafundisha vijana watatu kazi hii, na wote watatu nimewaonyesha sehemu hiyo kabla ya kuwagusisha kipaza sauti. Mmoja aliniambia hakuweza kula nyanya jioni ile. Nikamwajiri.

Hapo wimbo unafanya jambo jingine ambalo ni gumu zaidi kulieleza. Mwangwi wa ukumbi umeachwa kwenye sauti ya Pippin hata tunapokuwa nje uwandani. Kwa hiyo sikio linabaki ndani, pamoja na baba, wakati macho yanakwenda kufa pamoja na mtoto. Jaribu kuuondoa mwangwi huo kichwani, wimbo utakuwa muziki wa filamu tu, unaopendeza, na Denethor atakuwa amesamehewa.

Nabaki na mlima, na kwa mlima mtu wa Goma ana haki ya kuongea. Miteremko ya Mlima wa Mordor ilipigwa kwenye volkano ya Ruapehu, na mawe yake nayatambua: meusi, makali, yanakula viatu. Ndani ya mlima ndipo nina malalamiko. Gollum anaangukia kwenye lava na kuzama polepole, pete inabaki ikielea. Kinyume kabisa. Lava ni mwamba ulioyeyuka; ni nzito kuliko maji mara mbili na nusu hivi au zaidi, mwili wa mtu unakaribiana na maji, dhahabu ni mara 19. Gollum angebaki juu akiungua, na pete ingezama papo hapo.

Kisha kuna kelele. Mlima wao unanguruma filamu nzima, unatoa taarifa kama redio. Nyiragongo, mlima wetu wa moto, usiku wa 22 Mei 2021 haukututaarifu. Ilikuwa Jumamosi jioni, mbingu zikawa nyekundu, na pale tulipokuwa mimi sikusikia mlima hata kidogo. Volkano hutoa mawimbi mengi yaliyo chini ya uwezo wa sikio letu, chini ya hezi 20, na wanaoichunguza wana vyombo vya kuyanasa. Sisi wengine tunaangalia rangi ya mbingu. Nilichosikia ni ndala. Maelfu ya ndala kwenye barabara ya kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, magurudumu ya chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma, mtu akiita jina la mtoto mara nyingi kwa sauti ileile isiyopanda. Kijana mmoja alikuwa amembeba bibi yake mgongoni, amefungwa na kitenge kama mtoto mchanga, na bibi alikuwa anamwelekeza njia. Lava ilisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege.

Kwa hiyo Sam, rafiki anayefuatana na Frodo, anapomwinua mgongoni kwenye ule mteremko, sijali tena dhahabu inaelea au inazama. Na hapo ndipo nilipokatikiwa na filamu mara ya kwanza.

Nilikuwa mtoto, kwenye sine moja ya Birere: mabenchi, televisheni moja, jenereta nje, na mkalimani wetu aliyekuwa amekaa kando ya spika akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu. Sam akamwambia Frodon, kwa sauti ya mkalimani, "Mzigo yako mi siwezi ibeba. Lakini weye, nitakubeba. Panda!" Akapanda. Na umeme ukakatika. Watu wakaanza kudai pesa zao. Mkalimani hakuinuka. Aliendelea gizani, bila picha: wakapanda, moto ukawa mkali, mawe yakalia (akayaliza kwa ulimi), Sam akamnyang'anya Frodon ile pete akaitupa, na mlima ukafunga mdomo. Benchi zima lilinyamaza. Hakuna aliyedai pesa tena, na mimi niliona kila kitu.

Miaka mingi baadaye, nilipoitazama filamu mpaka mwisho, nikakuta ni Gollum aliyeing'ata pete pamoja na kidole. Nikaisimamisha nikampigia simu mkalimani. Alicheka sana. Akasema jenereta haikuzimika yenyewe siku ile. Ile CD ilikuwa imekwaruzika, ilikwama palepale kila ilipochezwa, kwa hiyo alikuwa amepanga na kijana wa nje azime akimpigia mluzi. Mwisho wenyewe hakuwahi kuuona. Akaniuliza: sasa, waliitupa au hawakuitupa?