Jerki haichomwi, hubanikwa

Ijumaa iliyopita mteja aliyeagiza kuku wa jerki, ile nyama ya Jamaika ya viungo na moshi, aliniita mezani na kuniambia maneno ambayo nimeyasikia mara nyingi mno: "Dada, hii si kuku choma tu mmempaka pilipili? Mnatuuzia jina." Meza nzima ikacheka. Nilimjibu kwa adabu, maana ni mgeni wangu na alikuja na familia yake, lakini nilirudi jikoni nimeudhika. Leo nayaandika yote, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Mimi ni mpishi wa jiko la nje kwenye mgahawa wa ufukweni hapa Mwanza, upande wa Ilemela. Chakula cha Karibi, kaunta ya kokteli inayotazama ziwa, dijei au bendi mwisho wa wiki. Naipenda kazi hii, na ndiyo maana hilo neno "choma" linaniuma.

Kiswahili kimeshatutofautishia mambo haya, ila tumekuwa wavivu. Kuchoma ni moto mkali, nyama karibu na makaa, mafuta yanadondoka, ndimi za moto zinapanda, unageuza, unakata, watu wanakula. Kubanika ni kazi nyingine kabisa. Nyama inakaa juu, moto uko chini na mdogo, moshi ndio unaofanya kazi, na kitu kinaiva huku kinakauka. Bibi zetu wa kando ya ziwa walijua sangara wa kubanikwa ni kitu kimoja na sato wa kuchoma ni kingine, wala hakuna aliyewachanganya. Jerki iko upande wa sangara yule.

Jina lenyewe linasema hivyo. Jerki inatokana na charqui, neno la Wakechua wa milima ya Andes lililopita kwenye Kihispania, na maana yake ni nyama iliyokaushwa. Halina hata chembe ya pilipili ndani yake. Na Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibi kabla ya Wahispania, walikuwa na kichanja cha miti cha kuwekea nyama juu ya moto. Wahispania walikiita barbacoa, na leo dunia nzima inalitumia neno hilo, likiwa barbecue, kwa kila kitu kinachopita juu ya makaa. Kichanja! Mtu aliyekulia Mwanza, aliyeona vichanja vya dagaa tangu utotoni, hahitaji kuchorewa picha.

Waliotupatia jerki tunayoijua ni Wamaruni, watu waliotoroka utumwa na kujificha milimani. Mwaka 1655 Waingereza waliinyang'anya Hispania kisiwa cha Jamaika, na katika vurugu zile wengi walikimbilia misituni, wakakutana na mabaki ya Wataino. Walipigana na Waingereza mpaka wakalazimisha mikataba ya mwaka 1739. Mmoja wa viongozi wao, Nanny, picha yake iko kwenye noti ya dola 500 ya Jamaika. Watu hawa waliwinda nguruwe pori, na nyama ilibidi ikae siku nyingi bila kuoza huku wao wakihama. Chumvi, viungo, moshi. Ukali wa pilipili ulikuwa sehemu ya hifadhi ile, si maonyesho ya nani ana mdomo mgumu. Hapa Mwanza tuna kayabo, sangara aliyetiwa chumvi nyingi akaanikwa, anayesafiri kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba mpaka Kongo. Sababu ni ileile: chakula kinachostahimili safari.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hawalijui kabisa, nalo ndilo roho ya sahani hii: pimento.

Pimento ni tunda dogo la mti mmoja, linachumwa likiwa bichi na kuanikwa mpaka liwe kahawia. Kiingereza kimelipa jina la allspice, linalosikika kama "viungo vyote", na jina hilo limeharibu mapishi ya watu wengi sana. Mtu anasoma mapishi mtandaoni, anaona jina lile, anadhani ni mchanganyiko, anamwaga bizari ya pilau. Nimeonja kuku wa namna hiyo kwenye sherehe tatu tofauti. Ni kuku mzuri wa pilau, basi. Wahispania nao walikosea kabla yake: walitoka kwao kutafuta pilipili manga, wakaziona punje hizi, wakaziita pimienta, yaani pilipili, na jina likaganda. Kwa hiyo huyu mgeni wangu wa Ijumaa anaendeleza kosa la miaka mia tano.

Ukitafuna punje moja unapata karafuu kwanza, kisha mdalasini, kisha kungumanga, na mwishoni kaukali kadogo. Pale Boston Bay, mkoa wa Portland mashariki mwa Jamaika, hawaishii kwenye punje. Wanatandika vijiti vibichi vya mpimento juu ya makaa, wanalaza nyama juu ya vijiti hivyo, wanafunika kwa mabati. Mti unatoa mvuke na moshi wake ndani ya nyama. Punje nazipata kwa kuagiza. Mti siupati. Hapa ndipo nilipokesha.

Mpimento ni wa ukoo mmoja na mkarafuu. Ukoo huohuo una mzambarau, na una mpera. Nilipolitambua hilo niliacha kuhangaika na kuni za mbali. Matawi ya mpera, unene wa kidole gumba, yakatwe siku hiyohiyo yakiwa mabichi. Tunayapata kwa watu wanaopunguza mipera uani kwao. Moshi wake ni mtamu na mpole. Lakini hauna ule mguso wa karafuu, kwa hiyo rafiki yangu wa Morogoro alinitumia makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Kiganja kimoja cha makonyo yaliyolowekwa, kinatupwa kwenye makaa mara mbili tu. Harufu inayotawala kwenye karafuu na kwenye pimento inatoka kwenye mafuta yaleyale, yujenoli, kwa hiyo pua inadanganyika vizuri. Ukizidisha, kuku ananuka dawa ya jino. Nilimwaga kuku sita kabla ya kujua kipimo. Mwembe siutumii, moshi wake unawasha koo.

Je, hii ni jerki? Swali hili ninalo moyoni, wala sitalificha. Mgeni mmoja aliyekulia Portland alikula kwangu, akanyamaza muda mrefu, akasema: "Moshi ni mzuri, ila si wa nyumbani." Tangu siku ile menyu yetu inasema "kuku wa jerki kwa moshi wa mpera". Siku nyingine naona nimefanya haki, siku nyingine naona nimeazima jina la watu. Lakini hakuna siku nimeona kwamba nimechoma kuku nikampaka pilipili.

Pilipili yenyewe nitaimaliza haraka. Ya Jamaika na pilipili mbuzi yetu ni jamii moja, Capsicum chinense, na harufu yake ya matunda ndiyo tunayoitafuta. Tunatoa mbegu na utando mweupe, maana utando ndio wenye ukali mwingi. Kitunguu majani, kitunguu swaumu, tangawizi, taimu, ndimu, sukari kidogo, chumvi. Mkisaga kila kitu mpaka uji, mmeharibu, acheni vipande.

Kulaza kuku kwenye viungo usiku kucha? Kila kitabu kinasisitiza. Mimi nina wasiwasi. Chumvi inapenya nyama, lakini harufu nyingi za viungo zinabaki juu juu hata ukilaza siku mbili. Niliwapa wahudumu wetu kuku aliyelazwa kwa muda wa saa nne na kuku wa usiku mzima bila kuwaambia yupi ni yupi, wakagawanyika nusu kwa nusu. Bado nalaza usiku kucha kwa sababu inarahisisha kazi ya asubuhi, ila nisingemgombeza mtu anayechanja kuku vizuri na kumlaza kwa muda wa saa nne tu.

Kwenye kaunta kosa ni lilelile: "Nipe kitu kikali kiende na hii pilipili." Ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, na bia baridi inakutuliza sekunde chache tu kabla gesi yake haijakuchokonoa palepale. Mafuta ya nazi ndiyo yanayosaidia, ndiyo maana tunaleta wali wa nazi na maharage au mbaazi, ambao Wajamaika wanaula kila Jumapili na ambao mtu wa Tanga angeukaribisha bila kuuliza. Kinywaji cha kuagiza na moshi ni daiquiri ya Kuba: ramu mililita 60, maji ya ndimu 25, shira 20, tikisa na barafu mpaka chombo kigande mikononi. Ndimu yetu ndogo ndiyo hasa inayotakiwa, na baa nyingi kubwa za Ulaya zinatumia ile kubwa isiyo na harufu. Kamua mbele ya mteja. Ndimu iliyokamuliwa asubuhi sitaki kuiona.

Muziki nao. Jiko letu ni pipa la mafuta lililokatwa nusu, kama majiko ya barabarani Jamaika, na Trinidad pipa kama hilohilo wakalipiga nyundo likawa ala ya muziki. Watu wanadai rege usiku kucha kana kwamba Karibi nzima ni Kingston. Rege naipenda. Ila juzi dijei aliweka son, muziki wa dansi wa Kuba, mzee mmoja akasimama na kusema, "Hii si rumba ya Kongo?" Hajakosea sana: santuri za Kuba zilianza kuuzwa Afrika miaka ya 1930, wanamuziki wa Kongo wakazisikiliza, na rumba waliyoitunga ikafika mpaka kwenye kumbi zetu. Alimchukua mkewe wakacheza, sahani zikapoa, sikujali.

Pipa tunaliwasha saa tisa alasiri, wakati upepo unatoka ziwani na kupeleka moshi upande wa barabara. Giza likiingia upepo unageuka, na moshi ungepita katikati ya meza, kwa hiyo kufikia saa moja makaa yanakuwa yamefifia. Anayebisha asinisubiri mezani. Aje Ijumaa saa kumi, kabla viti havijapangwa, nitamfunulia mfuniko anuse. Kuku atakuwa bado hajaiva.