Nia njema haitoshi: dhana potofu kuhusu huduma ya wanachuo kwa jamii

Kila mwanzo wa muhula, kamati mpya ya huduma ya ushirika wetu wa wanafunzi Wakristo huniletea mpango wa Jumamosi moja: vijana 40, mifagio, sabuni, na nyumba za wazee zilizochaguliwa kwa kutazamwa kutoka barabarani. Nikiuliza ni mwenye nyumba yupi aliyeombwa ruhusa, huambiwa kwa uso wa furaha kwamba wanakwenda kwa upendo na Mungu atafungua njia. Nimekuwa mlezi wa ushirika kwa miaka mingi, na hakuna jibu lililonichosha kama hili, kwa sababu limevaa vazi la imani ilhali ndani yake mna uvivu wa kuuliza.

Dhana yenyewe ni kwamba moyo ukiwa safi, kazi hujipanga. Ukweli wake niliuona nyumbani kwa bibi mmoja mjane, ambaye presha ya macho ilikuwa imempunguzia uwezo wa kuona. Vijana wetu walifagia, wakafua, kisha wakapanga kila kitu upya: sufuria zikafuatana kwa ukubwa, chupa ya dawa ya macho ikaondolewa dirishani na kufungiwa kabatini, ndoo ya maji ikahamishiwa pembeni mwa mlango. Wakaimba, wakaomba, wakaaga. Nilipopita siku ya nne nilimkuta akipapasa rafu moja baada ya nyingine, goti lake limechubuka kwa kujikwaa kwenye ile ndoo, na dawa hajaitia tangu Jumamosi. Hakuwa na hasira. “Mwanangu,” aliniambia, “wale watoto walipanga nyumba vizuri sana, ila walipanga ya kwao.”

Mtu asiyeona vizuri huijua nyumba yake kwa mkono na kwa hatua, hivyo kumsogezea vitu bila kumwambia ni sawa na kumhamisha usiku. Isitoshe, uoni unaopotea kwa presha ya macho haurudi, na dawa inayotakiwa kutiwa kila siku haisubiri wageni wenye nia njema. Tulipomuuliza hatimaye anahitaji nini, alitoa karatasi za kliniki zilizokunjwa ndani ya kitambaa akaomba mtu wa kumsomea, kwa kuwa tarehe mbili za kurudi zilikuwa zimekwisha kumpita. Ilikuwa kazi ya nusu saa kwa juma, ya mwanafunzi mmoja, wala haikuhitaji mfagio.

Wanaoniambia kwamba kuuliza kunapunguza imani nawarudisha kwa Bartimayo katika Marko 10. Alikuwa kipofu, kila mtu njiani alijua shida yake, na bado Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini. Kanisa la kwanza nalo halikuachia upendo ujipange wenyewe: wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, Matendo 6 inasema walichaguliwa watu saba wenye sifa njema kuisimamia kazi hiyo. Hata wanachuo waliotutangulia waliuliza. John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, na wenzake walipoanza kuwatembelea wafungwa Oxford, Uingereza, mwaka 1730, walitafuta kibali cha askofu. Frédéric Ozanam alikuwa mwanafunzi wa miaka 20 jijini Paris mwaka 1833 alipoanzisha na wenzake chama cha kuwatembelea maskini, nao waliongozwa na Sista Rosalie Rendu, aliyezijua familia za mtaa ule kwa karibu na kuwaelekeza pa kwenda. Ukitaka kuhudumia mtaa, mtafute Rosalie wake: mjumbe, mhudumu wa afya, au mama ambaye kila jirani hukimbilia kwake.

Dhana ya pili ni kwamba huduma ni ya wenye fedha. Mwanachuo asiye na akiba ana damu, ana macho ya kusomea wengine, na anaweza kukaa na mtoto anayeshindwa hesabu. Shirika la Afya Duniani hushauri mwanamume apishane walau wiki 12 kati ya uchangiaji wa damu mmoja na mwingine, na mwanamke wiki 16. Kwa kuwa chembe nyekundu hazihifadhiki zaidi ya takriban wiki sita, kundi linalojigawa kwa zamu mwaka mzima lina faida kubwa kuliko umati wa siku moja.

Kuhusu wanaodhani kwamba tendo la huruma lisilomalizika kwa mahubiri limepotea bure, sina maneno mengi. Msamaria wa Luka 10 alitia mafuta na divai, akampandisha majeruhi kwenye mnyama wake, akalipa dinari mbili na kuahidi kurudi, na hatusomi kwamba alihubiri. Akikuuliza mtu sababu ya tumaini lako, mjibu. Lakini msaada wenye sharti la kusikiliza ni biashara.

Vituo vya watoto yatima vinanitia uchungu zaidi. Vijana huamini kwamba kuwabeba na kuwakumbatia watoto kwa saa mbili kisha kupotea ni zawadi, ilhali mtoto ambaye kila mara huzoeshwa uso mpya na kuachwa huumia, na hujifunza kumkumbatia mgeni yeyote. Msaidieni mlezi wa pale kufua na kubeba maji, ili yeye anayebaki apate muda wa kukaa na watoto. Picha za nyuso zao muache kabisa.

Wapo pia wanaotumia Mathayo 6, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume, kukwepa hesabu za michango. Andiko hilo linakataza kujionyesha. Paulo, alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu, alituma watu zaidi ya mmoja ili asilaumiwe, kama 2 Wakorintho 8 inavyoeleza, na mweka hazina wetu si mtakatifu kumzidi Paulo.

Lililobaki ni daftari, ambalo wanafunzi hunicheka nalo. Kila ziara iandikwe: tulikwenda kwa nani, aliomba nini, tuliahidi nini, nani atarudi na lini. Kamati hubadilika kila mwaka na wanachuo huhitimu, lakini bibi hahitimu. Mwanafunzi aliyekuwa akimsomea karatasi za kliniki alimaliza masomo, na aliyepokea zamu alikuta kwenye ukurasa wa mwisho mstari mmoja: “Dawa ya macho ikae dirishani, upande wa kushoto. Usiisogeze.”