Saluti ya askari haikuanzia kwenye kofia za chuma

Ukiuliza saluti ilitoka wapi, hukosi kusikia habari za mashujaa wa farasi wa Ulaya: walipokutana waliinua kifuniko cha uso cha kofia ya chuma ili watambuane, na mkono ukabaki hivyo hadi leo. Simulizi tamu, lakini ina pengo. Kofia zile ziliachwa kwa sehemu kubwa katika karne ya 17, na muda mrefu baadaye askari wa Uingereza bado walimheshimu mkubwa kwa njia ile ile ya raia, yaani kuvua kofia.

Kilichobadilisha mambo ni amri za kijeshi. Mwaka 1745 kikosi cha Coldstream Guards kiliwaagiza askari wake wasivue tena kofia wakipita mbele ya ofisa. Wapeleke tu mkono kwenye kofia, haraka, na kuinama kidogo. Wenye kofia ndefu za mapambo bila shaka walishukuru, maana kuivua na kuivaa upya kila ofisa anapotokea ni adha, na kofia yenyewe inachakaa. Baadaye kuinama nako kukaachwa.

Kwa hiyo saluti ni kuvua kofia kulikokatishwa njiani: mkono unafika ukingoni, kofia inabaki kichwani. Ndiyo maana katika jeshi la Uingereza askari asiye na kofia kwa kawaida hapigi saluti ya mkono. Husimama wima tu.