Kuhamia mwezini: dhana potofu za kijiweni na ukweli wake

Kwenye vijiwe vya kahawa vya Moshi na Arusha, kila mtu ana sababu yake ya kutaka kuhamia mwezini. Nazipenda sababu hizi, maana ukizifuatilia unakuta ndani yake swali la maana la sayansi au la sheria.

"Kule ardhi ni tele, tutaacha kugombania kihamba."

Hii ndiyo inayotajwa kwanza uchagani, na ina uchungu wake. Kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo, waligawana wana, wakagawana wajukuu, na sasa kijana anarithi migomba sita na ugomvi wa mfereji. Mwezi una eneo la kilomita za mraba milioni 38 hivi, kubwa kuliko Afrika nzima, na hauna mkazi hata mmoja.

Lakini Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, kifungu cha pili, unakataza taifa lolote kujimilikisha mwezi. Bendera iliyosimikwa na wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969 haikuipa Marekani hata hatua moja ya ardhi. Sasa kama serikali yenyewe haimiliki, hati utapewa na nani? Wapo watu wanaouza "viwanja" vya mwezini kwenye intaneti na kukutumia cheti chenye muhuri mzuri, lakini dalali wa aina hiyo hawezi kukupeleka saiti ukaone mpaka. Masale nayo, mimea tunayopandia mipaka, hayaoti kule. Fedha hiyo mlipe mpima akapime kihamba kilichobaki, ndugu wote wakiwepo, na mama mkubwa akiwa shahidi.

"Aliyefika Uhuru ameshazoea kukosa hewa."

Wagumu wetu wa mlimani nawaheshimu sana, ila pale Uhuru, kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, bado kuna karibu nusu ya hewa ya pwani. Mwezini hakuna hewa ya kuvuta kabisa. Bila suti, mtu anazimia ndani ya sekunde kama 15.

Habari njema kwao ni mzigo. Kilo 20 anazobeba mpagazi Kilimanjaro, mwezini angezisikia kama kilo tatu na ushee, kwa sababu mvutano wa kule ni moja ya sita ya huu wetu. Tatizo ni kusimama: mzigo ukishashika mwendo, kuuzuia kunataka nguvu ileile ya duniani. Wanaanga wa Apollo walianguka mara nyingi, na suti zao zote.

"Nitapungua bila kuacha kitimoto."

Mtu wa kilo 90 atasoma 15 kwenye mizani. Suruali itakataa kufunga vilevile.

"Angalau nitapumzika na vumbi la Arusha."

Vumbi la mwezini ni baya zaidi. Hakuna upepo wala maji ya kulisaga likawa laini, hivyo chembe zake zina ncha kali, zinakwaruza na kung'ang'ania nguo. Harrison Schmitt, mwanajiolojia aliyetembea mwezini Desemba 1972 na Apollo 17, alivimba pua na kubanwa mafua baada ya kulivuta ndani ya chombo. Wanaanga walisema linanuka baruti.

"Upande wa pili ni giza tupu, nitalala."

Upande huo, usioonekana kutoka duniani, unapata jua kama huu tunaouona: mchana wa karibu wiki mbili, usiku wa karibu wiki mbili. Chombo cha China, Chang'e 4, kilitua huko Januari 2019. Kutoka macheo hadi macheo ni siku 29 na nusu za kwetu, kwa hiyo kodi ya mwezi ingedaiwa kila kukicha, na mwenye nyumba anayetaka ya miezi sita angekuwa anataka ya siku sita za kule.

"Kuna vito vya kuokota."

Madalali wa tanzanite wa Arusha watulie kwanza. Apollo zote zilileta kilo 382 za mawe na udongo, na mengi ni mawe ya kawaida kabisa. Kinachowindwa ni barafu. Mwaka 2009 NASA, shirika la anga la Marekani, iligongesha sehemu ya roketi kwenye kreta ya Cabeus, karibu na ncha ya kusini, pasipofikiwa na jua, na katika wingu lililotimka maji yakaonekana. Maji hayo yakisafishwa ni ya kunywa. Yakitenganishwa yanatoa oksijeni ya kuvuta na haidrojeni ya kuendeshea roketi. Kwa mtu anayetaka kweli kuishi kule, hiyo ndiyo sababu ya kuchagua ncha ya kusini.